Presha si mawazo peke yake

Katika kliniki za Tabora haipiti wiki bila kusikia kauli hii: "Daktari, yangu ni presha ya mawazo. Yakitulia, nitaacha dawa." Kauli hiyo ina ukweli, lakini ni nusu yake tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoleta kiharusi.

Mwaka 1948 Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page, huko Cleveland, Marekani, waliitenga serotonini kutoka katika damu. Walikuwa wakitafuta kitu kinachobana mishipa. Baadaye ilibainika kwamba hubana mishipa mingine na kulegeza mingine. Panya wanaotiwa serotonini kwa siku kadhaa mfululizo hushuka shinikizo. Kwetu hilo lisiwe ajabu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Tabora, kisha mmoja ukaelekea Ujiji na mwingine Karagwe. Mzigo ukapata thamani yake kulingana na soko. Serotonini nayo hubebwa na chembe sahani za damu, na kazi yake huamuliwa na kipokezi inachokikuta.

Ubongoni, serotonini huichochea haipothalamasi, nayo huamsha tezi zilizo juu ya figo. Hizo humwaga homoni za msongo: kotikosteroni kwa panya, kotisoli kwa binadamu. Kotisoli ikizidi, mwili huzuia chumvi na mishipa huitikia adrenalini kwa nguvu zaidi. Hapo mgonjwa wetu amesema kweli.

Hata hivyo, mwaka 1963 Okamoto na Aoki wa Kyoto, Japani, walitangaza ukoo wa panya ambao shinikizo lao hupanda kwa urithi, kadiri wanavyokua, bila mtu kuwatesa. Panya hao hawasubiri huzuni ili waugue.

Panya si binadamu, wala simwandikii mtu dawa za serotonini ili kutibu presha. Ninachoomba ni jambo dogo. Wahudumu wenzangu, tusimwambie mgonjwa "ni mawazo tu" kisha tukamrudisha nyumbani; tumsikilize, tumpime, tumpime tena siku nyingine. Nawe mgonjwa, tueleze msiba au deni linalokunyima usingizi, kwani ni sehemu ya matibabu. Lakini usiache dawa kwa kuwa moyo umetulia. Shinikizo la juu halina sauti. Hujulikana kwa kipimo, na dawa humezwa hata siku ya furaha.