Ali, Louis na Marciano: Tuwapime kwa Mizani Gani?

Miongoni mwa mijadala isiyokwisha barazani ni huu wa nani bingwa wa mabingwa katika ndondi za uzito wa juu. Mzee humtaja Muhammad Ali na hakubali mwingine. Mwanawe humtaja Mike Tyson. Mjukuu naye huwaambia wote wawili kwamba mla ni mla leo, na leo ni zamu ya Oleksandr Usyk. Aghalabu mazungumzo huishia katika kupandishiana sauti, kwa kuwa kila mmoja ameshika mizani yake. Juma hili tumeona vyema tuitazame mizani yenyewe kabla ya kuwapima watu.

Wapo waliojaribu kulimaliza suala hili kwa mashine. Mwaka 1967 mtayarishaji wa vipindi wa Miami, Murray Woroner, aliingiza habari za mabingwa wa kale na wa wakati ule katika kompyuta, kisha akatangaza matokeo redioni kana kwamba mapambano yamepiganwa kweli. Kompyuta ikampa Jim Jeffries, bingwa wa mwanzoni mwa karne, ushindi dhidi ya Ali, naye Ali akaenda mahakamani kudai fidia. Mwaka 1969 Woroner akawakutanisha Ali na Rocky Marciano mbele ya kamera, wakaigiza raundi nyingi fupi zenye miisho tofauti. Marciano akafariki kwa ajali ya ndege tarehe 31 Agosti mwaka huo, kabla filamu haijaonyeshwa. Januari 1970 Wamarekani walimwona Marciano akimwangusha Ali katika raundi ya 13, ilhali Ulaya ilionyeshwa filamu ambayo Ali ndiye mshindi. Mashine ile ile ilitoa majibu mawili, kila soko na jibu lake.

Wahenga walisema kila zama na kitabu chake. Marciano alipigana akiwa na takriban kilo 85. Tyson Fury, aliyepambana na Usyk mjini Riyadh Mei 2024, ana urefu wa zaidi ya mita mbili na alipanda ulingoni akiwa na zaidi ya kilo 115. Kwa taratibu za leo Marciano asingehesabiwa hata kuwa wa uzito wa juu. Kanuni nazo zimebadilika. Jack Johnson na Jess Willard walipokutana Havana mwaka 1915, pambano liliandaliwa kwa raundi 45, na Johnson akaanguka katika ya 26. Baadaye pambano la ubingwa likawa la raundi 15, hadi kifo cha bondia wa Korea, Duk Koo Kim, Novemba 1982, kilipochochea kupunguzwa hadi 12. Tofauti hiyo si ndogo. Septemba 1952 Marciano alikuwa nyuma kwa pointi dhidi ya Jersey Joe Walcott, akamwangusha katika raundi ya 13 na kutwaa ubingwa. Kwa kanuni za leo angekuwa amekwisha kushindwa, na ile rekodi yake mashuhuri ya mapambano 49 bila kushindwa isingekuwapo.

Kwa hiyo swali la nani angempiga nani halina jibu. Lenye jibu ni hili: kila mmoja alifanya nini katika zama zake?

Tuanze na wapinzani. Marciano aliwashinda watu wakubwa, lakini Joe Louis alikuwa na miaka 37 walipokutana, na Walcott 38. Tyson alikuwa bingwa akiwa na miaka 20 tu, Novemba 1986, akatisha dunia nzima; hata hivyo Februari 1990, mjini Tokyo, Buster Douglas ambaye watu hawakumtarajia akamwangusha. Ali alimkuta George Foreman akiwa katika kilele cha nguvu zake. Foreman alikuwa amemwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili, na Ken Norton naye hakumaliza raundi ya pili. Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Ali mwenye miaka 32 aliegemea kamba, akavumilia ngumi hadi mpinzani alipochoka, kisha akamwangusha katika raundi ya nane.

Pili ni muda. Hapa Louis hana mfano: alikuwa bingwa tangu 1937 hadi 1949, akautetea ubingwa mara 25.

Tatu ni mzigo ambao zama zilimtwika. Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, Ali alikataa kuingia jeshini kwa sababu ya imani yake. Akavuliwa ubingwa, na hakupigana tena hadi Oktoba 1970. Miaka mitatu na nusu, tangu umri wa miaka 25 hadi 28, haimo katika rekodi yoyote. Sisi Waislamu twampenda kwa jina lake na kwa msimamo wake. Lakini mapenzi si mizani, naye hayahitaji ili apimwe vyema.

Iko mizani ya nne, ambayo barazani haitajwi: kujua kuacha. Marciano aliacha Aprili 1956 akiwa na miaka 32, na hakurudi. Louis, aliyewahi kutoa mapato ya mapambano mawili kwa mifuko ya misaada ya wanajeshi na wanamaji, alirudishwa ulingoni na deni la kodi, hadi Marciano alipomwangusha Oktoba 1951. Wazee wa Dar es Salaam wanaokumbuka ziara ya Ali ya Februari 1980, alipotumwa na Rais Carter kuhusu michezo ya Olimpiki ya Moscow, walimwona mtu wa miaka 38. Oktoba ya mwaka huo huo alipanda ulingoni dhidi ya Larry Holmes, akapigwa raundi kumi hadi kona yake ikasimamisha pambano. Mwaka uliofuata akapigana tena, akashindwa tena. Mwaka 1984 ulimwengu ukaambiwa kuwa ana maradhi ya kutetemeka, aliyoishi nayo hadi alipofariki Juni 2016.

Kwa wapinzani na kwa mzigo alioubeba, sisi twamtanguliza Ali. Kwa muda, Louis. Kwa kujua kuacha, Marciano, na katika mizani hiyo Ali ni wa mwisho kati ya watatu hawa.

Nanyi wazazi, kijana anapowataja mabingwa hawa kwa macho yanayong'aa, msimkatize. Msimulieni na mwisho wao. Si bure wanazuoni wengi wanautilia shaka mchezo ambao shabaha yake ni uso wa mwanadamu. Na akisisitiza kuvaa glovu, muulizeni kwanza ataacha lini, na ni nani atakayemwambia basi naye akasikia.

Wabillahi tawfiq.