Hodari madrasa, mzito shuleni: tumtazame macho



Ndugu Waislamu, mji wetu wa Tabora si mgeni wa elimu ya watoto wenye ulemavu. Shule ya viziwi ilianzishwa hapa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, ya kwanza nchini, na Shule ya Msingi Furaha inajulikana kwa kuwasomesha wasioona. Mzazi wa Isevya mwenye mtoto asiyeona kabisa anajua pa kuanzia kuuliza. Ninayemkusudia leo ni yule anayeona nusu, au anayesikia sauti asiyapate maneno. Hana fimbo nyeupe wala hatumii lugha ya alama. Anavaa sare, anakaa dawati la nyuma katika darasa lililojaa, na anarudi nyumbani na daftari tupu. Mtaani anaitwa mzito.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa miaka tisa aliyehifadhi juzuu ya Amma upesi kuliko wenzake. Shuleni alikuwa wa mwisho. Baba yake aliniambia, "Sheikh, huyu anafanya makusudi," nami nikaafiki, na mtoto akachapwa. Siku moja nilimtaka asome mahali ambapo hakuwa amehifadhi. Akauinua msahafu mpaka ukakaribia kugusa pua yake. Kumbe muda wote alikuwa akisoma kwa masikio! Tulimwadhibu kwa macho aliyoumbwa nayo, na hilo halijanitoka moyoni.

Tangu hapo nimejifunza kulinganisha. Madrasa zetu nyingi husomesha kwa kusikiliza na kuitikia, na shule hutegemea mno ubao. Mtoto anayeng'ara kwetu na kuanguka shuleni huenda haoni ubao. Yule anayenakili vizuri ubaoni lakini kwetu anachanganya sini na shini, huenda hasikii vizuri, hasa akiwa amewahi kutoka usaha masikioni au kuugua homa ya uti wa mgongo. Hii si hukumu ya daktari, ni dalili tu, lakini anayeweza kuiona ni mzazi anayewauliza walimu wote wawili. Na mwenye ualbino asisubiriwe dalili, kwani uoni hafifu huambatana na hali yake.

Tukiwa juu ya mimbari tunapenda kukieleza kisa cha Abdullah bin Ummi Maktum (RA) na sura ya Abasa. Lakini yeye upofu wake ulikuwa dhahiri kwa kila mtu. Mtihani wetu ni huyu ambaye ulemavu wake hatuuoni.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma shule ya kawaida pamoja na msaada unaomfaa. Tatizo ni kwamba mwalimu hawezi kumsaidia asiyemjua, na walimu waliosomea elimu maalumu, kama wanaotoka Chuo cha Patandi, hawatoshi kila shule. Hata hivyo mengi hayahitaji mtaalamu: kumsogeza dawati la mbele, kusoma kwa sauti kinachoandikwa, kumwelekea uso anaposemeshwa. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na kuwaongezea muda. Lakini hupewa waliosajiliwa hivyo. Asiyejulikana huletewa karatasi ya wenzake, akafeli, na kila mtu akathibitisha kwamba alikuwa mzito.

Wapo wazazi wanaochelea cheti cha daktari kwa kuogopa mtoto kuitwa kilema. Nawaelewa, ila jina la mzito analo tayari, na hilo halimpatii hata dawati la mbele. Mpelekeni Kitete akapimwe macho na masikio, na karatasi atakayopewa ifike kwa mwalimu mkuu mapema, kabla ya majina ya watahiniwa kupelekwa.