Ngoma ya chatu na dawa ya sumu

Kila inapofika Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, wengi wetu wa Kiseke huenda Bujora, Kisesa, kutazama ngoma za Bulabo. Bagika na Bagalu hushindana, na watoto hungojea kwa hamu ngoma ya chatu. Ngoma hiyo ni ya Bayeye, chama cha wacheza nyoka wa Kisukuma, ambao pia ni waganga wa walioumwa na nyoka.

Padre David Clement, mmisionari aliyeanzisha Bujora mwaka 1952, hakuzifukuza ngoma zetu, bali alizipa uwanja. Nasi hatuna sababu ya kuzionea haya. Bayeye wamerithishana ujuzi wa tabia za nyoka, na penye ngoma mgonjwa haachwi peke yake.

Hata hivyo, yatupasa kukumbuka kwamba chatu hana sumu. Anayejificha kwenye mawe na vichaka vyetu huenda akawa kifutu, ambaye sumu yake huozesha nyama, au koboko, ambaye sumu yake hulegeza misuli hata mtu akashindwa kupumua. Sumu hiyo haingoji ngoma iishe. Tiba yake ni dawa maalumu ya kupinga sumu ya nyoka, inayotolewa hospitalini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000, na wengi wao ni wa vijijini kama sisi.

Basi mtu akiumwa na nyoka:

- Mvue viatu, pete na bangili kabla hajavimba.
- Mtulize, na kiungo kilichoumwa kisitikisike. Abebwe, asitembee.
- Msichanje, msinyonye jeraha, wala msifunge kamba ya kukaza.
- Mpelekeni hospitali mara moja. Msipoteze muda kumtafuta nyoka.

Kwenu Bayeye tuna ombi moja. Familia nyingi huwakimbilia ninyi kwanza, hata usiku wa manane. Neno lenu la kwanza liwe, "Hospitali!" Mkimsindikiza mgonjwa huko, heshima yenu haitapungua, itazidi.

Nasi wazazi tusingoje msiba. Wiki hii tuulize kituo chetu cha afya: dawa ya sumu ya nyoka ipo? Kama haipo, hospitali gani iliyo karibu inayo? Jibu hilo kila mtu nyumbani alijue.