Andiko Wasilolisoma Wenyewe

Zamani neno "andiko" tulilisikia zaidi katika nyumba za ibada, na mara nyingi kwa wingi wake: Maandiko yasema hivi, Maandiko yasema vile. Siku hizi limehamia katika ofisi za wakuu wa shule. Ukisikia kwamba shule fulani "inaandaa andiko", fahamu kuwa inaomba kwa mfadhili aliye mbali fedha za kompyuta, za projekta, za umeme wa jua au za intaneti. Na utakatifu umehama pamoja na neno. Andiko huguswa na wachache na kusomwa na wachache zaidi, na asiyelielewa hujiona mwenye upungufu yeye mwenyewe. Hashuku hata kidogo kwamba upungufu huenda umo ndani ya karatasi.

Nilitoka chuo cha ualimu nikafundisha Kiswahili sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na tangu nistaafu, shule za jirani huniletea maandiko ya namna hiyo "niyapitie". Nayapitia. Kutokana na niliyoyasoma, nina jambo moja la kuwaambia wapenzi wa lugha na malenga wanaokutana barazani hapa. Andiko la kuiombea shule vifaa vya TEHAMA likizaliwa kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili kilichofasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, shule hiyo haijaomba kitu, imeombewa. Andiko lizaliwe kwa Kiswahili cha watu wa shule ile, lisomwe kwa sauti mbele ya bodi na wazazi, ndipo litafsiriwe kwa lugha yoyote aitakayo mfadhili. Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya fedha, hayatuhusu sisi watu wa vina na mizani. Hao ndio hasa ninaotaka wanisikilize.

Chukueni sentensi ya aina ninayokutana nayo kila mara: "Uwezeshwaji wa upatikanaji wa vifaa vya TEHAMA kwa walengwa utafanyika kwa njia shirikishi ili kuchochea uendelevu wa matokeo chanya." Maneno yote ni ya Kiswahili, na sarufi yake haina kosa ambalo ningeweza kulipigia mstari mwekundu. Lakini mtafuteni mtu ndani yake. Hayumo. Lugha yetu ina tabia njema moja, kwamba kitenzi chake hutembea na mtendaji mgongoni: atanunua, tutalipa, watatunza. Mtoto wa kidato cha kwanza akiona "a-" mwanzoni mwa neno anajua kuuliza ni nani huyo. Mwandishi wa andiko anakichukua kitenzi hicho, anakivika "u-" mbele na "-ji" nyuma, kinakuwa nomino, na mtendaji ameteremshwa njiani. Kisha anamalizia kwa kauli ya kutendeka, ile ile anayoitumia mtoto anapotaarifu kwamba kikombe kimevunjika.

Mwaka fulani nilikaa na walimu wawili wa shule moja tukalifumua andiko lao na kulishona upya kwa vitenzi vyenye watu. "Tunaomba kompyuta ishirini." Sawa. "Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa hisabati watafundisha, kila mmoja vipindi viwili kwa wiki." Hapo wakatazamana, kwa maana mwalimu wa hisabati alikuwa hajaulizwa. "Umeme utalipwa na…" Tulikaa kwenye "na" ile karibu saa nzima. Andiko la awali lilikuwa na ukurasa mzima na nusu juu ya uendelevu wa mradi, na katika ukurasa huo na nusu hakuna mtu aliyelipa umeme.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake hula takriban wati 150. Ishirini zikiwashwa pamoja ni wati 3,000, na zikifanya kazi saa nne kwa siku ni uniti 12. Kwa siku ishirini za masomo katika mwezi ni uniti 240. Kompyuta mpakato ishirini, zenye kula takriban wati 50 kila moja, zingetumia uniti 80 kwa kazi hiyo hiyo. Tofauti hii ingetosha kubadili aina ya kifaa kinachoombwa. Lakini haikuwahi kuhesabiwa, kwa kuwa andiko la Kiingereza lililonakiliwa lilisema "kompyuta za kisasa", basi. Na ieleweke kwamba wafadhili wengi hutoa fedha za vifaa na kukataa gharama za uendeshaji. Umeme, fundi, wino wa printa na kifurushi cha intaneti huachiwa shule, na shule ya serikali, tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, haina tena njia nyepesi ya kuwaambia wazazi wachange. Mtu akiyajua haya kabla ya kuomba, ataomba vingine. Akiyajua baada ya kupewa, atafunga mlango wa maabara kwa kufuli na kuning'iniza ufunguo ofisini. Nimeingia katika maabara za namna hiyo. Vitambaa vilivyofunika vioo vilikuwa vimefuliwa vizuri.

Kuna na suala la umri wa vifaa. Shule nyingi hupewa kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine, na aghalabu hakuna anayeuliza zinaendeshwa na programu gani. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea toleo linalofuata. "Kompyuta hizi zitafaa kwa miaka mingapi, na baada ya hapo tutatumia programu ipi?" ni swali ambalo mzazi yeyote mwenye simu iliyokataa kusasishwa angeliuliza, kama lingesomwa mbele yake kwa lugha anayoiota.

Nirudi kwenye maneno, maana ndiyo kazi yangu. "Walengwa". Kulenga ni kufumba jicho moja. Tulipokuwa watoto tulilenga ndege kwa manati, na ndege hakuwa na kauli katika jambo lile. Wanafunzi mia nne wamekuwa walengwa, na hakuna aliyewauliza wanataka kujifunza nini. "Mdau" ni neno lililo bora zaidi. Mimi nikilisikia husikia ndani yake dau, yaani mtu aliyeweka chake mezani na anayeweza kukipoteza. Kwa kipimo hicho, wazazi wa watoto wale ndio wadau wa kwanza, lakini katika maandiko wao huwekwa mwishoni mwa orodha, baada ya watu ambao hawapotezi hata nauli. Na "ruzuku"! Kuruzuku tumezoea kusema kwa Mola, anayempa amtakaye bila hesabu. Sina ugomvi na neno hilo kuingia katika bajeti, ila nachelea kwamba limetufunza mkao wa kupokea. Anayeomba riziki hainui kichwa kuuliza kifaa kinakula wati ngapi. Juu ya "changamoto", iliyoyafukuza "matatizo", "shida", "uhaba" na "kasoro" yote kwa mpigo, nimekwisha kulalamika mara nyingi kiasi cha kuwachosha hata wajukuu.

Kutokana na ugumu huo wa lugha kumezaliwa biashara. Wapo vijana werevu mjini wanaoandika maandiko kwa malipo, na baadhi yao hufanya kazi nzuri. Lakini nililetewa moja lililoandikiwa shule iliyo nchi kavu, mwendo wa siku nzima kwa gari hadi kwenye ziwa lolote, nalo likaeleza kwa Kiingereza cha kuvutia jinsi watoto wa wavuvi wa kata hiyo wanavyohitaji stadi za kidijitali. Mwandishi alikuwa na andiko la shule ya ziwani, akabadili jina. Mkuu wa shule alilitia saini, na mhuri ukagongwa. Halikuwa kosa la uaminifu kwa upande wake. Kurasa zilikuwa arobaini, Kiingereza kilikuwa kizito, na tarehe ya mwisho ilikuwa kesho yake. Lingekuwa la Kiswahili, mpishi wa shule angewaona wavuvi wale kabla ya chai ya saa nne.

Mtu asidhani kwamba ninaidai lugha nguvu isiyo nayo. Vifaa vyaweza kuombwa na wenyewe, kwa lugha yao, na bado visizae elimu. Nchini Peru, ambako serikali iligawa kwa wingi kompyuta ndogo za mpango uliotangazwa na Nicholas Negroponte mwaka 2005 kwa ahadi ya mashine ya dola 100 kwa kila mtoto, utafiti wa shule 319 za vijijini uliotolewa mwaka 2012 na benki ya maendeleo ya nchi za Amerika haukuona dalili kwamba alama za hisabati wala za lugha zilipanda. Kompyuta zilifika na watoto walizitumia, ila suala la kufundishia nini, na kwa njia ipi, lilikuwa limebaki nyuma ya suala la idadi. Swali la "nini" ni swali la lugha. Mwanafunzi wetu akiwasha kompyuta atasoma nini ndani yake? Ipo Wikipedia ya Kiswahili tangu mwaka 2003, na kwa programu ya Kiwix yaweza kupakiwa yote ikasomwa pasipo intaneti. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa kosa. Sijawahi kuikuta katika maabara yoyote niliyoingia, wala kuona andiko lililoomba hata shilingi moja kwa ajili ya matini ya Kiswahili. Huombwa chombo, na chakula hakitajwi.

Najua majibu yanayoningoja. La kwanza ni kwamba mfadhili hasomi Kiswahili. Asisome, ndiyo maana Mungu akaumba wafasiri. Andiko la kurasa sita lililoandikwa kwa Kiswahili safi hutafsiriwa kwa siku mbili, na mfasiri hulazimika kuwabeba na wale watendaji wake: atanunua, tutalipa, watatunza. Sidhani kama kuna mfadhili makini atakayekasirika kujua nani atalipa umeme. La pili ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za fedha na mitambo. Jibu hilo lilikuwa limechoka hata nilipokuwa kijana. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Lugha inayoweza kumhukumu mtu kifungo haishindwi kueleza bei ya projekta. Bajeti, mchanganuo, ufuatiliaji, tathmini, viashiria, maneno haya yapo na yanatumika. Hata lile jedwali kubwa la malengo na matokeo, wenye kazi hiyo wamelipa jina, bango kitita, jina ambalo malenga angelionea wivu.

Na hapa nawageukia malenga. Tarehe 7 Julai ya kila mwaka, tangu UNESCO iitangaze kuwa siku ya Kiswahili duniani, tunatunga tenzi za kuisifu lugha. Tunaiita lulu, tunaiita johari, tunaiita mama. Tumebishana miaka na miaka kama chombo kile kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na katika miaka hiyo hiyo chombo chenyewe kimekuwa kikiombwa, kikijadiliwa na kuandikiwa ripoti kwa lugha nyingine, bila hata mmoja wetu kuitwa. Lugha inayosifiwa jukwaani na kutolewa nje ya chumba fedha zinapopangwa ni bibi harusi wa kukodi. Wala tusimlaumu mfadhili peke yake. Mara ngapi mkuu wa shule ametujia na karatasi zake tukamwambia kwamba sisi ni watu wa fasihi?

Kazi hii inamfaa mtunzi kuliko mtu mwingine yeyote. Mtunzi wa tarbia amezoea kusema jambo zima ndani ya mistari minne na kulitupa neno lisilofanya kazi, hata likiwa zuri. Anajua ubeti wa tatu ukirudia wa pili, shairi limekwisha kabla ya kwisha. Na anajua kwamba shairi lisilosomeka kwa sauti lina kasoro mahali. Kipimo hicho cha mwisho ningependa kila bodi ya shule ikichukue kama kilivyo: mwalimu asimame alisome andiko kuanzia mwanzo hadi mwisho mbele ya wazazi, na mahali ambapo ulimi utakwama au mzazi atauliza "nani huyo?", pasahihishwe pale pale kwa kalamu.

Ninazo rasimu tatu za shule za sekondari nilizozifanya kwa namna hiyo, kila moja haizidi kurasa sita. Mbili zimekwisha kusomwa kwenye mikutano ya wazazi na zinasubiri mfasiri mwenye Kiingereza kizuri na subira. Ya tatu bado haina jibu la umeme. Mwenyekiti wa bodi amesema hatatia saini mpaka lipatikane. Anayeweza kutafsiri, au anayejua bei ya sasa ya betri za umeme wa jua, na ajitokeze.