MAARIFA YA NYUMBANI: Miwani ya bei nafuu ijaribiwe kabla ya kuaminiwa

Katika makazi ya wakimbizi ya Oruchinga, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, si ajabu kumwona mama mshonaji ameketi barazani mbele ya cherehani yake, ameinua sindano kuelekea kwenye mwanga. Hulamba ncha ya uzi, huusokota, kisha hunyosha mkono mbali na uso ili alione tundu. Hujaribu mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mwishowe humwita mtoto anayepita njiani: "Mwanangu, hebu njoo unitungie uzi." Mtoto huitikia, "Haya, mama," akautunga mara moja na kurudi mchezoni. Mama hushona mpaka uzi ukatike, kisha hungoja mtoto mwingine apite.

Katika kungoja huko ndimo saa za kazi zinamopotea. Oruchinga na jirani yake Nakivale ni miongoni mwa makazi ya kale ya wakimbizi barani Afrika. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda, na baadaye yakapokea watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda umekuwa ukigawanywa kwa makundi ya uhitaji, na wengi wamepunguziwa. Katika hali hiyo cherehani, sindano ya kufuma na kipande cha shamba si vitu vya kujiongezea kipato tu, bali ndivyo vinavyotia chungu mekoni. Mama anayeacha kushona kwa sababu haoni tundu la sindano amepoteza chakula cha nyumba yake, ingawa mikono yake ingali na nguvu na ufundi wake haujapungua.

Si ugonjwa, ni umri

Ndani ya jicho mna lenzi laini ambayo hubadili umbo lake kila mtu anapohamisha macho kutoka mbali kwenda karibu. Kadiri miaka inavyopita lenzi hiyo hukakamaa. Aghalabu ifikapo miaka 40 mtu huanza kusogeza gazeti mbali na uso, na ifikapo miaka 50 mkono wenyewe huwa hautoshi kwa urefu. Hali hii humfika kila binadamu, awe tajiri au maskini, msomi au asiyejua kusoma. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Kongwa, Tanzania, na kutangazwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, wapatao 62 walikuwa nayo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu milioni 826 ulimwenguni hawaoni vizuri karibu kwa sababu tu hawana miwani ya kuwafaa.

Wako wanaodhani kuwa miwani ya kusomea ni mali ya makarani na walimu. Lakini mtu asiyejua hata herufi moja huhitaji macho ya karibu kila siku: kuchagua mawe katika maharage, kuona chawa kichwani mwa mtoto, kutambua noti, kupima dawa ya maji kwenye kijiko. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Assam, India, kwa wachuma majani ya chai 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani walizidisha mavuno yao kwa asilimia 21.7 kuliko wenzao ambao hawakuwa wamepewa bado. Mwaka 2024 utafiti mwingine kutoka Bangladesh ulionyesha kuwa kipato cha watu wa vijijini waliopewa miwani ya kusomea kilipanda kwa kadiri ya theluthi moja.

Desturi ya wapiga shabaha

Wapiga shabaha nao wanaujua udhaifu huu. Mwenye bunduki ya kawaida hana budi kulinganisha vitu vitatu: alama ya nyuma, alama ya mbele na shabaha yenyewe. Akishapita miaka 40 alama huanza kumwia ukungu. Kwa sababu hiyo baadhi yao hutumia kioo chenye nukta nyekundu. Mwanga wa taa ndogo huakisiwa na lenzi, na nukta ikaonekana kana kwamba iko mbali pamoja na shabaha, hivyo jicho hutazama mbali tu. Wazo hilo lilianzishwa na Howard Grubb wa Dublin mwaka 1900, na mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Sweden ikatoa kioo cha namna hiyo kinachotumia umeme.

Siku hizi vioo hivyo vinapatikana hata kwa bei nafuu. Lakini mpiga shabaha mwenye busara hakiamini kioo kwa maneno ya muuzaji. Huegemeza bunduki mahali imara, hupiga risasi kadhaa kwenye alama ile ile, akatazama kama matundu yamekusanyika au yametawanyika. Kisha hurudia siku nyingine ili ajue kama nukta imehama. Silaha hazina nafasi katika makazi ya wakimbizi, na heri iwe hivyo. Lakini desturi ile ya kujaribu kwanza na kuamini baadaye yafaa iazimwe na kila anayenunua miwani sokoni, maana naye ananunua kioo cha kulengea kwa fedha kidogo aliyonayo.

Kwanza lijaribiwe jicho

Miwani ya sokoni, ile inayopangwa juu ya turubai pamoja na betri na vitana, imetengenezwa kwa jicho la namna moja tu: jicho zima linaloona mbali vizuri, na ambalo limechoka kuona karibu kwa sababu ya umri. Lenzi zake mbili zina nguvu sawa. Kwa hiyo mnunuzi hana budi kujipima kabla ya kupima miwani.

Asimame mlangoni mchana na kufunika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza. Atazame kitu cha mbali, kama vile migomba ya kilima cha pili au maandishi ya duka lililo ng'ambo ya barabara. Kisha afunike jicho la pili na kutazama kitu kile kile. Ikiwa macho yote mawili yanaona mbali vizuri na kwa usawa, na taabu iko karibu tu, miwani ya sokoni yaweza kumfaa. Ikiwa jicho moja ni hafifu kuliko jingine, au yote mawili hayaoni mbali, dawa yake haiko juu ya turubai. Watu wengi huishi miaka mingi na jicho moja lililoharibika bila kujua, kwa sababu jicho zima hulifichia mwenzake aibu.

Kisha ijaribiwe miwani

Nguvu ya miwani huandikwa kwenye kibandiko cha lenzi au ndani ya mkono wa fremu: +1.00, +1.50, +2.00 na kuendelea. Kwa kawaida mtu wa miaka 40 hadi 45 huanza na +1.00, wa miaka 50 huhitaji kadiri ya +1.50 hadi +2.00, na aliyefikia 60 huhitaji +2.50 au zaidi kidogo. Hayo ni makadirio, na jicho lenyewe ndilo hakimu.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Muuzaji humpa mama miwani kali, naye akiona maandishi yamekuwa makubwa hufurahi na kulipa. "Mama, hii ndiyo kiboko," husema kijana wa biashara. Lakini kuona kitu kikubwa si kuona vizuri. Miwani kali mno huleta kitu wazi pale tu kinapokuwa karibu sana na pua. Mama akirudi kwenye cherehani hulazimika kuinama, na baada ya saa mbili mgongo na kichwa humuuma, akaitupa miwani akisema inaharibu macho. Miwani isiyo na nguvu inayofaa haiharibu macho ya mtu mzima, humchosha tu. Yafaa aanze na iliyo dhaifu, apande hatua kwa hatua, na asimame kwenye ile ya kwanza inayomwezesha kuona kazi yake katika umbali anaofanyia kazi. Kwa hiyo aende sokoni na sindano yake, uzi wake na kipande cha nguo, wala asitegemee karatasi ya muuzaji.

Namba iliyoandikwa nayo yaweza kuhakikiwa nyumbani kwa futi ya kupimia nguo. Mchana, mama asimame ndani ya chumba, aelekeze lenzi moja kwenye mlango ulio wazi, huku ameweka karatasi nyeupe nyuma ya lenzi. Aisogeze karatasi mbele na nyuma mpaka picha ya kilima au nyumba ya mbali ionekane juu yake, imepinduka kichwa chini. Picha ikiwa wazi kabisa, mtu mwingine apime kutoka kwenye lenzi hadi kwenye karatasi. Lenzi ya +1.00 hutoa picha kwenye sentimita 100, ya +1.50 kwenye sentimita 67, ya +2.00 kwenye 50, ya +2.50 kwenye 40, na ya +3.00 kwenye 33. Arudie kwa lenzi ya pili. Vipimo vikitofautiana sana, miwani hiyo haifai, hata kama fremu yake inang'aa kama dhahabu. Jaribio hili lisifanywe kwa jua, kwa maana lenzi hukusanya miale yake na yaweza kuunguza karatasi, nguo au mkono.

Jaribio la pili linahitaji daftari la mistari. Miwani ishikwe vidole vichache juu ya ukurasa, kisha isogezwe taratibu. Katikati ya lenzi mistari isicheze kama maji yaliyotikiswa, ingawa pembeni huweza kupinda kidogo. Halafu miwani izungushwe kama usukani. Mistari ikipinda na kunyooka kadiri inavyozungushwa, lenzi haikutengenezwa sawasawa.

Mwisho ijaribiwe kazini

Miwani iliyofaulu majaribio hayo bado haijamaliza mtihani. Mama ashone nayo kwa nusu saa, atunge uzi mara kumi, afumue mshono mmoja na kuurudia. Ikiwa kichwa hakimuumi wala haoni vitu viwili viwili, amepata. Usiku mwanga utoke nyuma ya bega na kuangukia kazi, usimpige usoni; taa nzuri humpunguzia mtu haja ya miwani kali. Anapoinuka kwenda nje aivue, kwa sababu miwani ya kusomea hutia ukungu vitu vya mbali, na waliojikwaa kwenye kizingiti ni wengi.

Vumbi ndilo adui mkubwa wa lenzi. Kuifuta kwa pindo la kitenge likiwa kavu ni sawa na kuisugua kwa mchanga. Ioshwe kwa maji safi na sabuni kidogo, ikaushwe kwa kitambaa laini, na ilale mfukoni mwake. Kwa mshonaji mfuko huo haununuliwi. Kipande kimoja cha masalio ya nguo chatosha. Baada ya miaka miwili au mitatu ajipime tena, maana jicho huendelea kubadilika mpaka karibu miaka 60 au 65.

Pale soko lisipofaa

Kuna macho yasiyopaswa kupelekwa sokoni kamwe. Jicho jekundu lenye maumivu, jicho lililopoteza nuru ghafla, lile linaloona duara za rangi kuzunguka taa, na lile lenye ukungu mweupe wa mtoto wa jicho, yote hayo ni ya mganga. Mwenye kisukari, na mwenye ndugu aliyepofuka kwa presha ya macho, wachunguzwe hata kama hawasikii lolote, kwa kuwa presha ya macho mara nyingi huiba nuru kimya kimya. Mtoto asinunuliwe miwani ya kusomea ya mtu mzima. Na mtoto ambaye mboni yake huonekana nyeupe apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwani yaweza kuwa saratani ya jicho.

Mkazi wa Oruchinga au Nakivale aanzie kwenye kituo cha afya cha makazi na kuomba barua ya rufaa. Mjini Mbarara, Hospitali ya Misheni ya Ruharo ina kituo cha macho kinachojulikana kote kusini-magharibi mwa Uganda, na kimetibu kwa miaka mingi watoto wenye saratani hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Mbarara nayo huhudumia wagonjwa wa macho.

Wahenga walisema rahisi ni ghali, na kwa miwani isiyopimwa walisema kweli. Lakini mama aliyejaribu jicho lake, akapima lenzi kwa futi yake mwenyewe na kuishonea nusu saa, hakununua kwa kubahatisha. Mtoto apitaye barazani mwake ataendelea na mchezo wake bila kuitwa, na nguo ya mteja itakuwa tayari kabla jua halijatua.