Moli ndiye samaki wa maji ya Dodoma

Anayetaka kufuga samaki wa mapambo nyumbani hapa Dodoma aanze na moli. Neoni, diskasi na hao wengine wanaong'aa kwenye picha za simu awaache kwanza. Nasema hivyo nikiwa mwalimu wa kemia wa sekondari na mfugaji wa samaki wa siku nyingi, na sababu yangu inatoka bombani.

Maji ya mji wetu kwa sehemu kubwa hutoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Yamepita kwenye udongo na miamba kwa muda mrefu yakayeyusha kalsiamu na magnesiamu njiani, na kila anayefua nguo Dodoma analijua hilo bila kipimo: sabuni inachelewa kutoa povu, birika linavaa ganda jeupe, matundu ya bomba la kuogea yanaziba. Nikifika mada ya ugumu wa maji siagizi kitu stoo ya maabara. Nawaambia wanafunzi waje na ganda la birika la nyumbani kwao, tunalidondoshea siki, linafura povu mbele ya macho yao.

Maji hayohayo tunayoyalalamikia ndiyo moli anayoyataka. Asili yake ni Meksiko, Amerika ya Kati na pwani za kusini mwa Marekani, kwenye mito inayopita juu ya mawe ya chokaa na kwenye midomo ya mito ambako maji baridi hukutana na ya bahari. Mwili wake umezoea madini. Ukimtia kwenye maji laini yasiyo na madini, haogelei mbele. Anabaki palepale akiyumbisha kiwiliwili kama mwenye homa, mapezi yamekunjika, na baada ya hapo ukungu na vidonda havikawii. Neoni ni kinyume chake. Yeye ni wa vijito vya msitu wa Amazon, maji laini yenye asidi kidogo, na hapa kwetu anaishi akipambana na maji yenyewe mpaka anachoka.

Ipagala ninakoishi kuna baba mmoja aliyewanunulia watoto wake moli weusi, akajaza tangi maji ya kunywa ya chupa. Alifanya hivyo kwa upendo kabisa, akiamini maji ya bomba yana chumvi mno kwa viumbe wadogo namna ile. Alipoona wanakufa alikuja kwangu. "Mwalimu, maji nanunua kwa hela yangu, sisi wenyewe tunakunywa ya bomba, lakini samaki hawataki." Tulikaa tukazungumza. Kila siku akawa anatoa jagi moja la maji ya chupa na kurudisha jagi moja la maji ya bomba, polepole, ili samaki wasishtuke. Waliobaki wakaacha kuyumba, wakaanza kula. Leo tangi lile limejaa, na maji ya chupa yananywewa na watoto.

Kisa chake si cha peke yake. Wako wanaochemsha maji ya samaki kama wanavyochemsha ya kunywa, bila kujua kwamba kuchemsha kunaacha sehemu ya madini kwenye sufuria na kufukuza hewa iliyoyeyuka. Wako wanaotia chumvi ya mezani kwa kijiko kwa sababu mafundisho kutoka Ulaya na Marekani yanasema moli anahitaji chumvi. Mafundisho hayo huwa na maana palipo na maji laini, ambako mfugaji anajaribu kufidia kisichokuwepo. Huku kwetu madini yapo tayari. Klorini tu ndiyo ya kuondoa, na kwa kawaida inatosha kuacha ndoo wazi usiku kucha au siku nzima kabla ya kumimina.

Lakini maji ya Dodoma yana ukali wake, na hapa ndipo wengi wanapopoteza samaki wakidhani wamerogwa au wameuziwa wagonjwa. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia. Kwenye maji yenye alkali kama haya yetu, sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo hugeuka kuwa ile inayounguza mashavu ya samaki: pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sumu hiyo huongezeka karibu mara kumi kwa kiasi kilekile cha uchafu. Kwa hiyo tangi lililojazwa samaki siku lilipowekwa maji, ambalo kwenye maji yenye asidi kidogo lingeweza kuvumilika, Dodoma linaua ndani ya wiki. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti isiyo na madhara makubwa. Hao wanakaa kwenye sponji la chujio, nao huchukua wiki kadhaa kuongezeka. Anza na samaki wachache sana. Lisha kidogo. Sponji usilioshe kwa maji ya bomba yenye klorini, lioshe kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini. Mambo haya matatu yana thamani kuliko dawa zote zinazouzwa kwenye vichupa.

Kuhusu tangi lenyewe, naomba wenye ofisi na wenye saluni waachane na vibakuli vya mviringo. Moli jike anaweza kufika sentimita 10, na wale wenye pezi kubwa la mgongoni huzidi hapo. Ni samaki wa kuogelea, si pambo la mezani. Tangi la lita 100 ndilo ninaloliita mwanzo wa heshima. Na halihitaji kuagizwa Dar es Salaam. Tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016 mji umejaa nyumba mpya na mafundi wa vioo na aluminiamu kila mtaa, na fundi mzuri anaunganisha tangi la sentimita 80 kwa 40 kwa kioo cha milimita 6. Msisitizie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana ile ya bafuni ina sumu. Na meza iwe imara: lita 100 za maji ni kilo 100 kabla hujahesabu kioo na changarawe.

Majirani wa moli wachaguliwe kwa kigezo kilekile cha maji. Gapi, plati na samaki mkia-upanga ni wa ukoo wake, wote huzaa watoto hai, wote hupenda maji magumu. Konokono nao hustawi kwa sababu gamba lao linajengwa kwa kalsiamu. Samaki wa dhahabu asiwekwe humo, kwani anachafua mno na anapenda baridi. Beta dume naye ana mapezi marefu ambayo moli hawaachi kuyadonoa. Madume ya moli husumbua majike bila kuchoka, basi kwa dume mmoja weka majike wawili au watatu wapate kupumua. Chakula cha paketi hakitoshi, moli ni mla majani. Mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto, au kipande cha tango, huliwa hadi unyuzi. Na Juni na Julai, usiku wa uwanda huu unaposhuka kuelekea nyuzi 13, hita si anasa. Moli anataka nyuzi 24 hadi 28.

Najua wapo watakaouliza ni haki gani kuweka maji kwenye kioo kwenye mji wenye mgao. Swali hilo ni la haki na nalijibu kwa hesabu. Tangi la lita 100 linabadilishwa robo ya maji kwa wiki, yaani zaidi kidogo ya ndoo moja ya lita 20. Maji yanayotoka yana nitreti, ambayo ni mbolea, na kwangu yanamwagwa kwenye mchicha uleule unaorudi kulisha samaki. Hakuna tone linalopotea. Kumbukumbu za visima vya Makutupora, zilizotunzwa tangu miaka ya 1950, zimewaonyesha watafiti kwamba maji yetu ya ardhini hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, mingi ikiwa ya El Niño, halafu miaka mingi hupita bila kujazwa sawasawa. Mtoto anayepima maji ya tangi lake kila Jumamosi ni rahisi kumweleza jambo hilo. Ningependa kila sekondari ya mkoa huu iwe na tangi moja la moli, kwa sababu ugumu wa maji, pH na mzunguko wa nitrojeni vyote vimo humo, vinaogelea.

Kuna jambo moja ambalo silivumilii, nalo ni kumwaga samaki waliozidi bwawani. Moli jike huzaa kila baada ya wiki nne hivi, watoto kati ya 20 na 60 na pengine zaidi, na hutunza mbegu za dume mwilini kiasi cha kuzaa tena miezi kadhaa bila dume. Tangi linajaa haraka, na mtu mwenye huruma anawaza Hombolo. Bwawa la Hombolo lilijengwa miaka ya 1950, halikauki, na maji yake yana chumvichumvi. Moli angefurahi mno humo, na hilo ndilo tatizo. Amekwisha kuota mizizi Hawaii na Australia baada ya kuachiwa na watu. Sisi Watanzania tumeona Ziwa Victoria: sangara alipopandikizwa miaka ya 1950, aina nyingi sana za furu zilitoweka.

Na uwanda wa kati una samaki wake wa kulindwa. Masika yakijaza madimbwi kwenye udongo mweusi wa mbuga, huonekana visamaki vidogo, madume yao wekundu au wa buluu ya kung'aa, ambavyo wengine husema vimeshuka na mvua. Wanasayansi huwaita Nothobranchius. Hutaga mayai ndani ya tope, wakubwa hufa dimbwi likikauka, na mayai hulala kiangazi chote yakingoja mvua. Wafugaji wa Ulaya huwathamini sana, kama wanavyothamini samaki wa Ziwa Tanganyika wanaosafirishwa kutoka Kigoma. Sisi wenyewe twawapita kwa miguu.

Kwa hiyo watoto wa moli wapewe jirani, shule, au muuzaji aliyekuuzia. Pasipo mtu wa kuwachukua, tenganisha madume na majike mapema. Dume utamtambua kwa pezi la chini ya tumbo lililochongoka kama kijiti, la jike likiwa pana. Wauzaji nao nawaomba wamuulize kila mteja swali moja kabla ya kufunga mfuko: maji ya nyumbani kwako yanatoka wapi? Akijibu Mzakwe, wampeleke kwenye tangi la moli.