NENO USILOLIJUA USILIRUKE

Ndugu wafanyakazi,

Nataka kusema juu ya darasa letu la jioni. Siku hizi masomo mengi twayasoma katika simu, na kurasa nyingine zina kamusi ndani yake. Ukikuta neno gumu waligusa kwa kidole, na maana yatokea papo hapo. Mimi nilisoma shule ya msingi ya misheni. Kamusi ilikuwa moja tu, mezani pa mwalimu, na aliyeinuka kwenda kuitazama alichekwa. Basi tuliruka maneno.

Wako wasemao kamusi hii yawafanya watu kuwa wavivu. Sikubali. Mtu akisimama kila mstari kufunua kitabu kingine, husahau habari aliyokuwa akisoma.

Lakini yako mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, gusa neno "hawatalipwa", na mara nyingi kamusi itanyamaza, kwa kuwa ndani yake limeandikwa "lipa". Asiyefundishwa kuondoa vipande vya mbele na vya nyuma atadhani neno halipo. Hiyo ni kazi ya mwalimu.

Pili, kamusi haijui haki yako. Mwenzetu mmoja alipata barua ya Kiingereza yenye neno "redundancy". Aliligusa, akaambiwa maana yake ni kutohitajika tena. Akakunja barua, akaanza kufunga mizigo. Bahati njema aliileta darasani. Tulisoma pamoja Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40. Kinasema chama na afisa wa kazi waarifiwe si chini ya mwezi mmoja kabla, na kwa kila mwaka uliotimia mfanyakazi alipwe si chini ya mshahara wa siku 15. Yeye ametumika miaka 11. Hesabu wewe mwenyewe: siku 165, zilizokuwa karibu kupotea kwa sababu ya neno moja.

Kwa hiyo naiomba kamati: darasa lisisome hadithi tu. Tulete mikataba, hati za mshahara na barua za onyo. Tusome aya nzima kwanza, tukisie maana, kisha tuguse neno, na mwisho tuulizane. Kuuliza si ujinga, ndugu zangu. Ujinga ni kutia sahihi usilolielewa.

Umoja ni nguvu.

Mimi mwenzenu,
Mfanyakazi wa Reli